Godoro la Bibi Juu ya Keria

Ijumaa, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tuliondoka Mwamapalala kumpeleka bibi Bariadi kupasuliwa jicho. Madaktari wa macho walikuwa wageni tu, na hiyo ndiyo siku yao ya mwisho. Jicho la bibi lililobaki lilishaingia ukungu, alikuwa ananitambua kwa sauti, na mimi sauti yenyewe ndogo.

Dereva alikuwa baba mdogo. Bibi alikataa katakata kulalia godoro la watu, kwa hiyo lake lilifungwa juu ya keria ya gari, kamba nyuma tu, mbele limenyanyuka. Kwenye dashibodi, taa ya kuonya mafuta yanaisha iliwaka tangu nyumbani, na muuza petroli ya chupa pale kijijini alikuwa ameishiwa.

"Tukikimbia tutafika kabla hayajaisha," baba mdogo akasema, akakanyaga.

Akikuta ng'ombe barabarani, breki ya ghafla. Wakipita, anakanyaga tena. Juu godoro linapiga paa, pu, pu, pu. Nipo kidato cha tatu, ukinzani wa hewa tumeusoma. Gari likiongeza mwendo, upepo nao unazidi kulirudisha, na lile godoro lilikuwa kama mtu aliyesimama kifua mbele anatuzuia. Lakini kwetu mtoto wa kike hamfundishi baba yake kuendesha. Na mimi hata nikiulizwa kama chumvi imetosha, natikisa kichwa tu.

Nikamnong'oneza bibi. Bibi hakunong'ona.

"Wewe! Simamisha gari. Mtoto anasema godoro langu linakunywa mafuta."

"Mama, godoro linakunywaje mafuta?"

"Muulize yeye. Mimi nimesoma wapi?"

Nikaeleza huku naangalia viatu vyangu. Baba mdogo akacheka. "Haya, mwalimu wa upepo." Halafu akaitazama tena ile taa, akashuka. Tukalikunja godoro, tukalishindilia kiti cha nyuma, likanibana mpaka shavuni. Kuanzia hapo alienda taratibu. Akiona ng'ombe kwa mbali anaachia pedeli ya mafuta, gari linapungua mwendo lenyewe. Kama nimekosea, tunachelewa, na bibi anakosa jicho kwa ajili ya mdomo wangu.

Gari lilizima tukiwa tunaliona geti la hospitali. Baba mdogo akajitwisha godoro, mimi nikamshika bibi mkono. Akawa wa mwisho kwenye foleni, lakini akapokelewa.

Kesho yake asubuhi nesi alimfungua bandeji. Nikapiga goti, nikamsalimia Kisukuma. "Mwangaluka, bibi."

Akaniangalia usoni. "Kumbe chunusi zimekujaa hivi," akasema.

Nikacheka mpaka machozi. Kisha nikatoka kumsaidia baba mdogo kuifungua keria, maana alisema nayo inakamata upepo, inakunywa mafuta. Bolti moja ilikuwa na kutu, ikakataa kabisa, nikaenda mwenyewe kuomba mafuta kidogo ya kupikia kwa mama ntilie pale getini.