Huo Ufunguo wa Pili Ukae kwa Nani?

Saa sita na nusu mchana, Ngeleja Kija amelala chali chini ya usukani wa gari aina ya Noah, miguu nje ya mlango, katika kijiji kimoja nje kidogo ya mji wa Maswa. Dashibodi imefumuliwa, nyaya zinaning'inia, na kuku wawili wamesimama wanamchungulia.

"Mwadila, ngosha. Bado tu?" anamsalimu kwa Kisukuma na kumuuliza mwenye gari, Mzee Mayige, mkulima wa pamba na mpunga.

"Bado, mzee wangu."

Funguo za gari hilo zilidondoka juzi kwenye majaruba ya mpunga. Zote mbili. Mzee Mayige alikuwa amezifunga kwenye pete moja.

"Nilitaka zisipotezane," anaeleza, na haoni cha kuchekesha.

Ngeleja naye hacheki. Ana miaka 49, mgongo unamuuma tangu jana, na hakumbuki hii ni mara ya ngapi anasikia kisa cha pete moja.

Yeye ni fundi wa umeme wa magari na funguo mjini Bariadi, kazi aliyoianza miaka 19 iliyopita kwa kurekebisha honi na taa. Magari ya siku hizi yana funguo zenye chipu ndani, na gari lisipoitambua chipu haliwaki hata ufunguo ukizunguka. Ukimpelekea ufunguo mmoja unaofanya kazi, wa pili anakutengenezea kwa dakika ishirini, Sh70,000. Ukienda mikono mitupu, ataanza kwa kung'oa kitasa cha mlango asome meno yake, ndipo afumue dashibodi. Hiyo ni siku nzima na Sh250,000, na karibu nusu inaishia kwenye safari na vifaa.

"Watu wanadhani napenda hizi kazi kubwa," anasema, akijivuta taratibu kutoka chini ya usukani. "Zinaniua. Mimi nataka mtu achonge wa pili akiwa bado na wa kwanza. Hapo biashara itakua, na mimi nitapumzika."

Kwa miaka mitatu amehubiri hivyo kila mahali: mnadani, vituo vya mafuta, hata nje ya kanisa watu wakisalimiana. Bei haikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa swali moja, na Mzee Mayige analiuliza sasa hivi.

"Huo wa pili ukae kwa nani?"

"Kwa mama, nyumbani."

"Mama yupi? Nina nyumba mbili. Ukikaa kwa mdogo, mkubwa hataniuliza kitu. Atanitengea chakula na kukaa kimya. Wewe hujui kimya chake."

Wenye mke mmoja nao hawakosi sababu. Mke ataendesha, shemeji ataazima, gari litarudi tangi tupu. Ngeleja alipochoka kubishana aliwaambia basi, uacheni kwangu. Wakakubali haraka kuliko alivyotarajia.

Leo sanduku la bati kibandani kwake lina funguo 61, kila mmoja na kibandiko cha jina la mwenyewe. Oda za ufunguo wa pili zimepanda kutoka tatu kwa mwezi hadi kumi na nne. Mkakati umejibu, na umemfunga miguu. Ufunguo wa sanduku ni mmoja tu, unaning'inia shingoni mwake kwa kamba ya kiatu. Hasafiri akalala huko. Alipofiwa na shangazi yake alibeba sanduku hadi msibani, na waombolezaji wawili wakamfuata kumuuliza rambirambi inatumbukizwa upande gani.

Mkewe, Lukresia, ameshinda kibandani humo miaka minne. Anapokea simu, anachonga funguo za kawaida kwenye mashine, na vile vibandiko vyote ni mwandiko wake. Ufunguo wa sanduku hajawahi kuushika.

"Si kwamba simwamini," anasema Ngeleja. "Gari la mtu likipotea watasema Ngeleja. Sitaki waseme Lukresia."

Lukresia mwenyewe, asubuhi ya leo, alicheka kicheko cha mtu aliyechoka. "Anawahubiria wanaume wa watu wawaachie wake zao funguo," alisema. "Mimi ni mke wa nani?"

Na sasa muda umembana. Kuna fremu ya duka imepatikana Nyalikungu, hapo Maswa mjini, upande zinakotoka nusu ya kazi zake nzito. Akiichukua, siku tatu za wiki wateja watamfuata yeye badala ya yeye kuzunguka vijijini na mgongo wake. Mwenye fremu anataka jibu Ijumaa. Lakini sanduku lazima libaki Bariadi, na lazima libaki na mtu.

Saa saba na robo simu yake inaita. Ni Lukresia. Joyness, mfugaji wa kuku, amefika kibandani mbio. Alifunga gari aingie chooni mara moja, ufunguo ukatumbukia shimoni. Ndani ya gari kuna vifaranga mia mbili, vioo vyote vimepandishwa, na jua linawaka. Ufunguo wake wa pili umo sandukuni, hatua mbili kutoka aliposimama.

Ngeleja anaishika kamba ya shingoni. Kutoka hapa hadi Bariadi ni zaidi ya saa moja.

"Vunja kufuli, Mama Minza."

"Nivunje mimi?"

"Vunja. Utauona, si uliandika mwenyewe?"

Nyundo inasikika mara tano, kisha simu inakatika.

Ngeleja anaketi kwenye ngazi ya mlango wa gari. Ameona aibu na haifichi. "Mke wangu nimemwachia nyundo," anasema. "Ufunguo nimekuja nao huku."

Noah inawaka saa kumi. Mzee Mayige anapokea funguo mbili mpya, anashukuru sana, na anazitia kwenye pete moja.

Jioni, kibandani Bariadi, Lukresia amekalia sanduku. Hajanyanyuka tangu saa nane kwa sababu halina kufuli, na hajala. Vifaranga 38 wamekufa. Joyness hakugomba, ila aliondoka na ufunguo wake. "Huu nitakaa nao mwenyewe," alimwambia Lukresia. Zimebaki sitini.

Ngeleja amepitia Maswa kununua kufuli jipya. Limekuja na funguo tatu, kama yanavyokuja yote. Za akiba za lile la zamani, anakiri, alizitupa siku aliyolinunua ili moyo utulie.

Mmoja anautia kwenye kamba yake. Wa pili anamnyooshea mkewe.

"Miaka minne, Baba Minza," anasema Lukresia, akiufunga kwenye ncha ya kanga. Hatabasamu. "Na vifaranga wa watu wamekufa."

"Najua."

Ngeleja anamwambia kwamba kesho atampigia mwenye fremu, asisubiri Ijumaa. Akikubaliwa, Jumatatu ataanza Nyalikungu. Lakini bado amesimama palepale, ufunguo wa tatu kiganjani, anaugeuzageuza.

"Na huu," anauliza, "ukae kwa nani?"

"Lete," anasema Lukresia. "Wewe nenda Maswa."