Nilimtania Petro mbele ya afisa ustawi

Sina pa kujificha, ndugu msomaji. Kosa ni langu, nililifanya mchana kweupe, na watu wakacheka.

Mimi ni Mmakonde wa Newala, niko kidato cha tatu. Mwaka juzi nilimwigiza mwalimu mkuu anavyotembea, tumbo mbele, kumbe yuko nyuma yangu. Hilo, pamoja na utoro, vilimtosha baba. Akanipeleka Masasi, kwenye kituo cha bweni wanakosema wananyoosha watoto watukutu kwa ushauri na maombi.

Ushauri wenyewe ulikuwa kuchapwa kwa waya wa umeme. Ukikosea zaidi, unabangua korosho mikono mitupu mpaka mafuta ya maganda yakuchune ngozi.

Humo nikampata Petro, Mmakua wa Lulindi, mpiga gitaa wa kwaya ya kanisani kwao. Sisi na Wamakua ni watani, kwa hiyo tulitukanana tangu siku ya kwanza.

"Wewe Mmakua, panya wa porini wote umewala ukawamaliza."

"Ningewamaliza vipi na nyie Wamakonde mmeshatangulia?"

Ndivyo tulivyojizuia kulia. Na mtani hakasiriki, hata ukimtania msibani.

Siku moja akaja afisa ustawi wa jamii, mama mpole mwenye daftari. Kuna mzazi alikuwa amelalamika. Tukakusanywa ukumbini, na mlezi mkuu wa kituo, mwenye ule waya, akasimama palepale ubavuni mwake.

"Wanangu, kuna anayepigwa hapa?"

 Mimi nilikuwa nahesabu vidole vya miguu yangu.

Petro akasimama. "Shikamoo mama. Mimi napigwa." Akavua shati, akageuka. Mgongo mzima mistari. "Muulize huyu mwenzangu. Alikuwepo."

Mlezi akanitazama, akatabasamu kidogo tu.

Niliogopa. Na mimi nikiogopa, mdomo hutangulia. Nikasema, "Mama, usimsikilize huyu, ni mtani wangu. Alikimbiza panya kichakani, miiba ikamchana. Panya mwenyewe alipona."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mlezi akacheka. Yule mama naye akacheka, akafuta macho.

"Kwa hiyo ni miiba?"

"Miiba, mama. Ni utani wetu tu."

Akaandika.

Petro hakucheka. Alivaa shati lake, akakosea vifungo.

Afisa alipoondoka, Petro alipewa korosho juma zima. Mkono wa kushoto ukatunga usaha. Aliporudishwa kwao, vidole viwili vilikuwa havikunjiki tena. Jamani, vidole vya gitaa!

Sasa wazazi wengine wamelalamika na uchunguzi umeanza upya. Mimi nilishatoka kule, nimeenda mara mbili kwa wachunguzi kueleza ukweli. Kila mara wananifungulia faili: "Hapa ulisema miiba. Ulidanganya siku ile au unadanganya leo?" Mlezi bado yuko kazini, na juzi nimesikia amepokea watoto wapya.

Likizo hii nilichukua bodaboda mpaka Lulindi. Nikamkuta Petro barazani kwao, nikapiga magoti.

"Nitukane, Petro. Nizabe hata kofi."

"Nikuzabe kwa nini? Wewe si mtani wangu? Mtani hakasirikiwi."

"Ule haukuwa utani."

"Mbele ya yule mama ulisema ni utani. Basi na uwe utani." Akanyanyuka, akaingia ndani. Mama yake akaniletea maji ya kunywa, akaniambia kwa upole niende zangu.

Heri angenipiga.

Wewe mwenye mdomo mwepesi kama wangu, mwenzako akikutaja kuwa shahidi, sema ulichokiona, hata kama unatetemeka. Ukichekesha watu siku hiyo, hutapata wa kukuamini siku utakayotaka kulia.

Na nyie wakubwa mnaokuja kutuuliza, mtoeni mlezi nje kwanza. Kisha mtazameni mtoto mgongoni, msimtazame anayewachekesha.