Siku Mlango wa Nyumbani Ulipomfuata Fundi Bawaba

Jumamosi, tarehe kumi na tisa Julai. Manyunyu yamekatika alfajiri, ukungu umekaa juu ya mabati ya soko, na jua bado linajivuta.

Saa moja asubuhi Fundi Bawaba amesimama katika karakana yake, maranda yamemfika kwenye vifundo vya miguu. Anapitisha kiganja juu ya ubao kama mzazi anayempima mtoto homa. Anasita, anachukua msasa, anasugua mahali ambapo jicho la mgeni halioni kasoro yoyote.

"Huu ni wangu," anasema. "Wa nyumbani. Leo nitajua kama utafungwa."

Si kawaida fundi kuwa na shaka ya namna hiyo. Mlango umepimwa, fremu ipo, bawaba ziko mezani. Lakini nyumba yake imekaa miezi minne na pazia mlangoni, na mwenye ruhusa ya kuliondoa pazia hilo ana umri wa miaka tisa.

Majirani wamemcheka vya kutosha. "Wananiambia mganga hajigangi," anasema akitabasamu. "Wengine wanasema ni uvivu. Nawaacha. Ya ndani hayasemwi kwenye foleni ya maji."

Jina la Bawaba alipewa na watu wa soko kwa sababu anatengeneza milango tu. Ukimpelekea kiti kilichovunjika, anakuonyesha kwa kidole karakana ya jirani. Katika mwezi mzuri hutoa milango sita. Siku ya tetemeko la ardhi alitoa kumi na mmoja, na hakuna hata mmoja uliofungwa kwenye nyumba.

Siku hiyo nayo ilikuwa Jumamosi, watu wamejaa sokoni.

"Kwanza nilidhani ni lori linapita," anasimulia. "Kisha nikaona nyundo inatembea yenyewe juu ya meza."

Karakana yake ya mabati ilitikisika ikabaki imesimama. Ukuta mkubwa wa soko haukubaki. Uliwaangukia wauzaji na wateja kwa pamoja.

Nyumbani kwake ni mtaa wa mlimani, ng'ambo ya daraja, mwendo wa karibu saa nzima kwa miguu. Kule alikuwa amewaacha mkewe, mama yake mzazi ambaye hatembei bila kushikwa, na bintiye wa pekee, ambaye watu wote wanamwita Chiriku kwa kuwa mdomo wake haupumziki. Simu zilikuwa zimekatika. Alipotazama mlima hakuona nyumba hata moja, ila vumbi.

"Sikufunga hata karakana. Nilitoka mbio na bisibisi mkononi, sijui nilitaka kuifanyia nini."

Hakufika mbali. Mbele ya zahanati iliyo kando ya soko alikuta wanaume wawili wamembeba mama mmoja, huyu kashika mabega, yule miguu, naye katikati amekunjika. Alikuwa ameacha kulia.

"Mimi si daktari," anasema Fundi Bawaba. "Lakini nikiona ubao umekunjwa vile, najua utakatikia wapi. Nikapiga kelele: mlazeni chini!"

Muuguzi wa zahanati, ambaye mji mzima unamwita Sista, anaikumbuka kelele hiyo. "Tulikuwa na machela moja tu, na watu wanaletwa kama siku ya mnada," anasema. "Nikamwambia: fundi, nipe kitu chochote kilichonyooka."

Vilivyonyooka alikuwa navyo. Milango kumi na mmoja ilikuwa imeegemea ukuta wa karakana, ikimsubiri mwenye nyumba ya wageni aje kuichukua.

"Nikasema moyoni, nitawapa milango niondoke zangu."

Lakini mlango mtupu hauna pa kushika. Mikono ya wabebaji ilikuwa inateleza. Ikambidi apigilie vipande vya mbao pembeni viwe vishikio. Alipomaliza, Sista akamwomba mabanzi ya kufungia miguu iliyovunjika. Alipomaliza mabanzi, wakaletwa watu wengine.

"Nyundo inagonga, moyo unagonga, sijui kipi ni kipi. Kila nikisema huyu ndiye wa mwisho, analetwa mwingine ananitazama machoni. Na sikumjua hata mmoja. Hata mmoja! Wangu wako kule juu, na mimi niko hapa napigilia misumari kwa ajili ya watu nisiowajua hata jina."

Je, alisali?

"Nilisali kwa ufupi, maana mdomo ulikuwa umejaa misumari. Nikasema: Mungu, mimi siwezi kuwa mahali pawili, Wewe unaweza. Tugawane. Mimi hawa, Wewe wale."

Anapuliza vumbi la mbao kutoka kwenye mlango mpya, ingawa halipo tena.

"Jibu lilikuja limebebwa na watu wanne."

Mmoja wa wanne hao alikuwa mpagazi wa soko aitwaye Kifua, na asubuhi hii yupo karakanani tayari kusaidia kubeba. "Tulipokezwa mlango pale darajani," anaeleza. "Waliotupa walikuwa wamepokezwa na wengine. Juu yake kuna mzee, yule anayetembeza sufuria mitaani, mguu umevunjika na amezimia. Sisi hatukuuliza mlango umetoka nyumba gani. Ungeuliza saa ngapi?"

Fundi Bawaba hakuhitaji kuuliza. Ulikuwa mlango wa kijani, una kovu la patasi karibu na kitasa. Kovu hilo alilitia mwenyewe, mwaka aliooa.

"Nikaiweka nyundo chini," anasema. "Mlango wa nyumba yangu upo sokoni. Nyumba yenyewe je?"

Mlango unaweza kutoka kwenye nyumba kwa njia mbili. Nyumba ikianguka, mlango unang'oka na vipande vya fremu vinaning'inia. Mtu akiutoa kwa mkono, bawaba zinabaki nzima. Akapiga magoti kando ya mzee yule akaangalia bawaba.

Zilikuwa nzima. Zaidi ya hapo, skrubu zote zilikuwa zimerudishwa, zimekazwa kwenye ubavu wa mlango, kila moja kando ya bawaba yake.

"Hiyo ni desturi yangu," anasema, na sauti inapungua. "Ukitoa mlango, usiweke skrubu mfukoni, zitapotea. Zirudishe ubavuni mwa mlango mwenyewe. Mimi na mke wangu tumehama nyumba nne za kupanga, na kila tukihama nilihama na mlango wangu. Yeye anashika bisibisi, mimi nashika mlango. Hakuna mtu mwingine mtaani kwetu anayefanya vile."

Skrubu za bawaba ya juu na ya katikati zilikuwa zimenyooka. Za bawaba ya chini zilikuwa zimeinama na kuingia nusu, kama zilizokazwa na mkono mdogo usio na nguvu.

Basi mke yu hai. Na mtoto yu hai.

"Nikabaki na mama," anasema. "Nikaangalia chini ya kichwa cha yule mzee. Kuna mto. Mto wa mama yangu! Huo mto haukopeshwi, haukaliwi, haushikwi. Nikajiambia, ama mama amefariki, ama Mungu amemgusa moyo."

Kifua anaangua kicheko. Alikuwepo, anasema, na aliona jinsi fundi alivyoanza kucheka na kulia kwa pamoja hadi watu wakadhani amechanganyikiwa.

Hapo ndipo Fundi Bawaba alipomtuma Kifua mlimani. Naye aliporudi alileta salamu fupi: "Wote wazima. Bibi anataka mto wake."

Akaokota nyundo akaendelea hadi jioni.

Mlango mpya umekamilika. Fundi anashika mbele, Kifua anashika nyuma, safari ya mlimani inaanza. Njiani watu wanawapisha, wengine wanaugusa mlango kwa ncha za vidole. "Ni salama, hauna mtu leo," Kifua anawaambia, nao wanacheka.

Nyumbani, mkewe anaondoa viatu kizingitini wapate kupita. Ni mwanamke wa maneno machache. Siku ile alisikia kuwa soko lote limeanguka na hakuna aliyepona. Mzee wa sufuria alikuwa amelala mbele ya ua wake akivuja damu.

"Nilikuwa nimeshavaa viatu nimfuate mume wangu," anasema. "Kisha nikamtazama yule baba. Kama ningeshuka, na mwenzangu naye angekuwa anapanda, tungepishana njiani, na huyu angekufa. Nikamwambia mtoto: lete bisibisi ya akiba."

Waliofikiwa na habari hii husimama hapo na kumshukuru Mungu. Mume na mke, kila mmoja peke yake, walikuta njia panda moja wakachagua upande ule ule, na chaguo la mmoja likawa faraja ya mwingine.

Kutoka kitandani, bibi anaingilia: "Na mto niliutoa mwenyewe, msije mkaandika niliibiwa! Ila haujarudi."

Lakini yupo ambaye hakufarijika. Fundi Bawaba alipofika nyumbani jioni ile, Chiriku hakumkimbilia. Hakusema neno siku mbili. Siku ya tatu aliuliza.

"Akaniambia: Baba, watu walikuwa wanapanda mlima tangu asubuhi. Wenye vumbi, wenye damu, wote walipita hapa. Kifua alikuja alasiri. Kabla yake, hata mmoja hukumwambia atuambie upo?"

Fundi anatazama vidole vyake. "Nilitegemea aniulize kwa nini sikuja. Hilo nilikuwa na jibu lake. Saa zote zile mwanangu alinihesabu maiti, na neno moja tu lingetosha."

Mlango wa kijani ulibaki zahanati. Sista aligoma kuutoa, akisema umeshaajiriwa. Fundi alipotaka kutengeneza mwingine, Chiriku alikataa. Mlango ukifungwa haoni njia. Tangu hapo, kila Jumamosi hukaa kizingitini, pazia amelipandisha begani, hadi baba yake atokeze kwenye kona.

Wiki iliyopita alikubali, kwa sharti.

Saa nne hii, mlango mpya umeegemezwa kwenye fremu. Bawaba zake ni za pini: unachomoa pini kwa kidole, mlango unatoka, hata kwa mkono wa mtoto. Fundi anasema ndivyo atakavyofunga kila mlango kuanzia sasa, na akijaliwa uzima ataitengenezea zahanati machela nyepesi za kutosha.

Sista naye amepanda mlima, na ameukumbatia mto uliofuliwa. Bibi anaupokea, anaunusa, anauminya. "Umepungua," anatoa hukumu.

Chiriku amesimama katikati ya fremu. Bisibisi ameificha mgongoni.

"Sema kwanza," anamwambia baba yake.

"Mwanangu, siwezi kukuahidi kwamba nitakuja kwanza. Nikimkuta mtu ameanguka, nitainama. Unajua hivyo."

"Najua," anasema Chiriku. "Hata mama aliinama. Hilo sikukuuliza."

Mama yake anageuka upande, anajifuta macho kwa kiganja.

Fundi Bawaba anasema maneno fulani kwa sauti ya chini. Chiriku anatikisa kichwa.

"Kwa sauti, baba. Bibi hasikii vizuri."

"Nasikia sana," anasema bibi. "Lakini aseme tena."

Fundi anavua kofia. Maranda mawili yanadondoka kizingitini. Anamtazama mama yake, mke wake, Sista, Kifua, kisha anashusha macho kwa binti yake.

"Mbele ya hawa wote, na mbele ya Mungu aliyewalinda nilipokuwa mbali: siku yoyote nikikawia kwa ajili ya mtu, hata niwe nimezungukwa na vilio, kabla sijashika nyundo nitamtafuta mtu anayepanda mlima, nimwambie apite hapa aseme, Chiriku, baba yako yupo."