Siku Ambayo Baba Haikumbuki

Baba yangu, Kabemba, alionja pombe kwa mara ya kwanza akiwa tayari na mvi. Kabla ya hapo alikuwa mzee wa kanisa la Methodiste pale Kapata, mtaa wa Kolwezi, Katanga, na fundi wa pampu mgodini. Kwenye sherehe wenzake walipogawana bia, yeye alipewa munkoyo, kile kinywaji kitamu cha mahindi na mizizi ambacho hata watoto wanakunywa. Walimtania kwamba ameoa na kuzeeka bila kubalehe. Alicheka nao. Hakuwa mtu wa kuhukumu wengine, ila pombe hakuitaka.

Mama yangu, Tshibola, alikuwa Mkasai. Alizaliwa hapo hapo Kolwezi, baba yake aliletwa na reli zamani, na Kasai yenyewe alikuwa ameiona mara moja tu, kwenye msiba. Mimi, Ndaya, ndiye mtoto wao wa pekee.

Mgodi mkubwa wa chini ulipoporomoka, kazi ilianza kufa polepole. Mishahara ikachelewa, kisha ikakoma. Hapo ndipo yakaanza maneno kwamba Wakasai ndio waliokula Katanga, waondoke. Tukaitwa bilulu, wadudu. Mwaka 1993, majira ya mvua, vijana walipita Kapata nyumba kwa nyumba. Kwetu walisimama mlangoni wakamwambia Baba kwa heshima kabisa:

"Tata, weye uko mutu ya hapa. Na mutoto ni wako. Lakini mama aende kwabo."

Baba aliwauliza kwabo ni wapi. Hawakumjibu. Walisema watarudi.

Mama hakungoja warudi. Alifunga vitu akaenda kituo cha treni, ambako maelfu ya watu walikuwa wamekwisha kupiga kambi chini ya mahema ya magunia, wakingoja treni za kwenda Kasai. Mimi nilimfuata. Baba alinishika mkono akasema nibaki, nikauchomoa. Yeye alibaki na nyumba, kwa sababu nyumba ilikuwa ya kampani, na atakayeiacha siku moja anaikuta na watu wengine. Tena alikuwa karibu na pensheni. Hayo ndiyo aliyosema. Mama hakubishana naye, wala hakumkubalia.

Treni hazikuja. Tulikaa pale wiki baada ya wiki. Watoto walikufa kwa surua na kuhara. Kila siku Baba alitembea kutoka Kapata akiwa na sufuria ya bukari, ugali wetu, iliyofungwa kwa kitambaa, akipita kwenye vizuizi vya wale vijana, ambao walimcheka kwamba analisha bilulu. Alifika, akaketi juu ya mzigo wetu, akakosa la kusema, akarudi.

Ndipo akaanza kupitia kwa Mama Simone. Huyu alikuwa mjane wa Kapata aliyepika lutuku nyuma ya nyumba yake, ile pombe kali ya mahindi na mihogo, nyeupe kama maji. Baba mwenyewe ndiye aliyenisimulia baadaye. Siku ya kwanza Mama Simone alimwekea kidogo tu kwenye kikombe cha chai. Baba alikunywa, akakohoa, akasimama, akakaa tena, kisha akalala pale pale kwenye mkeka mpaka jua likashuka. Wanaume wa umri wake, waliokunywa tangu ujana, walikuwa wameketi wima na chupa zao wakimtazama.

"Tata Kabemba, uko na kichwa ya mutoto," Mama Simone alimwambia alipoamka.

Hakuelewa. Mtu mzima, mwenye mwili wa kubeba pampu, anaangushwa na kitu ambacho kijana mwembamba anakunywa akiendelea kucheza karata? Aliona aibu. Nadhani aibu hiyo ndiyo iliyomrudisha kesho yake, kuliko huzuni.

Mwili wake ukazoea upesi. Baada ya muda alikunywa vikombe kadhaa na miguu ikamtii. Akapita vizuizini bila kusikia matusi. Akaja kituoni akatembea wima, akasalimia watu kwa majina, akatafuna kitunguu kibichi ili Mama asinuse. Alijisifu moyoni. Alifikiri ameishinda.

Mama aliona tu kwamba ameanza kuongea. Aliniambia, "Baba yako amerudishiwa ulimi." Hakujua umerudishwa na nani.

Siku treni ilipokuja, ilikuja alasiri bila mtu kutangaza. Mabehewa ya mizigo, wazi, na watu wakawa wanapanda juu ya watu. Mama alikuwa analia kwa hasira kwa sababu hatukuweza kuinua godoro. Nikamwona Baba akija katikati ya ule msukumano, amevaa koti lake la kanisani, hatua zake zimenyooka. Alichukua godoro akaliweka kichwani, akapanda nalo. Akatutafutia pembe. Akafunga sufuria kwa kamba ili zisianguke njiani, mafundo mazuri, ya fundi. Kisha akachuchumaa mbele ya Mama akasema naye muda mrefu, kwa Tshiluba, lugha ya Wakasai.

Baba alikuwa Mluba wa Katanga kaskazini. Tshiluba cha Mama alikielewa, lakini hakukizungumza kamwe. Nyumbani tulisema Kiswahili. Siku ile alikizungumza kwa ufasaha kiasi kwamba bibi mmoja jirani aligeuka kumtazama. Mimi nilikielewa nusu nusu. Nilisikia akisema atakuja na treni inayofuata. Nilisikia akisema tumngoje Mwene-Ditu, mji wa reli kule Kasai, tusiende mbali zaidi. Mengine aliyasema karibu na sikio la Mama, na Mama aliacha kulia. Aliposhuka alisimama kando ya reli akapunga mkono mpaka tukapinda.

Kesho yake asubuhi Baba aliamka kitandani kwake Kapata, na koti mwilini. Akapika bukari, akaifunga kwa kitambaa, akaenda kituoni kama kawaida.

Pale tulipokaa palikuwa na majivu na matambara tu. Akafikiri amekosea mahali. Akazunguka, akarudi. Mwishowe akamshika mkono mzee mmoja aliyekuwa bado anangoja.

"Tata, bibi yangu iko wapi? Tshibola, wa Kapata."

Yule mzee alimtazama kwa huruma. "Balienda jana na train."

"Jana? Juu ya nini hakuna mutu aliniita?"

"Tata Kabemba, lakini ulikuwa hapa. Weye njo ulibebaka matela ya bibi yako ku kichwa."

"Mi?"

"Weye. Ulipanda ndani, ukasema na bibi yako, ukashuka. Hata mi ulinisalimia. Uliniuliza juu ya mugulu yangu."

Baba akatazama mguu wa yule mzee. Ulikuwa umefungwa kitambaa. Hakuwa na kumbukumbu yoyote ya mguu huo.

Akauliza wengine. Wote walisema vile vile. Hapana, hakuyumba. Hapana, hakunuka. Alikuwa mtu mwenye akili zake, tena mchangamfu. Mmoja alidhani ni uchungu unaomfanya aulize maswali ya ajabu, akamkalisha chini, akamwambia ale ile bukari mwenyewe. Akaila.

Baba aliniambia kwamba siku hizo zilimtisha kuliko wale vijana. Alikumbuka akitoka kwa Mama Simone. Alikumbuka mti wa papai kwenye kona. Baada ya hapo hakuna kitu, halafu asubuhi. Alimwendea Mama Simone akamshitaki kwamba ametia dawa kwenye kikombe. Mama Simone aliapa kwa marehemu mumewe, akanywa mbele yake kutoka chupa ile ile. Akamwendea mchungaji, ambaye alimwombea na kumwondoa kwenye uzee wa kanisa siku hiyo hiyo. Akafikiri labda kuna Kabemba mwingine anayetembea na sura yake. Hilo nalo alilifikiri kweli, mchana kweupe.

Kwa kuwa hakujua alisema nini, akajitungia. Akajiambia kwamba bila shaka walikubaliana: Mama aende kwa kaka zake, yeye alinde nyumba, na habari zitakuja. Akangoja habari. Akanywa zaidi.

Sisi tulikuwa Mwene-Ditu, tukingoja treni.

Kila treni ya Katanga ilipofika, Mama alivaa kitenge chake kizuri akaenda kusimama. Kaka zake walituma watu mara mbili kutuita kijijini, alikataa. "Mume wangu amesema tungoje hapa," aliwaambia. Tulipanga chumba, akauza maandazi karibu na reli. Miezi ikapita. Kitenge kikachakaa, akaacha kukivaa. Kisha akaacha kwenda. Siku moja nilimwambia treni imeingia, akaendelea kukanda unga.

Aliyekuja kutufungua ni Akram, mfanyabiashara wa asili ya mashariki aliyepeleka samaki wa chumvi na sabuni kwa reli kati ya Kolwezi na Kasai. Alimtambua Mama kwa sababu aliwahi kuwa na duka karibu na Kapata. Mama alimpa maandazi akamtuma kwa Baba na maneno machache.

Akram alimkuta Baba ameketi nje ya nyumba, asubuhi. Baba alishangaa kwamba siku hizo hata mikono haikuweza kushika kikombe cha kwanza bila kumwaga, na kwamba vikombe vilivyokuwa havimfanyi kitu sasa vilimwangusha tena. Alikuwa amepoteza kazi, au kazi ilikuwa imempoteza. Mgodini hawakuita tena mtu.

"Tata Kabemba," Akram alisema, "mama ya Ndaya anauliza hivi: train ya nyuma haiyafika?"

"Train gani?"

"Ile ulisema utakuya nayo. Ulimwambia akungoje Mwene-Ditu. Iko anangoja."

Baba akauliza, "Mi nilisema vile?"

"Sijuwe, Tata. Mi sikuwa pale."

"Hata mi," Baba alisema.

Alifunga nyumba akapanda treni ya kwanza iliyopatikana. Ilikwama njiani, pale Lubudi, kwa sababu ya injini. Bila lutuku, mwili wake uligeuka: alitetemeka, akatokwa na jasho, akaona chawa wakitambaa kwenye mashati ya abiria akaanza kuwapangusa watu ambao hawakuwa na kitu. Wakadhani ni malaria ya kichwa, wakamlaza kivulini wakamnywesha maji ya sukari. Wakulima wa pale walimpa muhogo. Treni ilipopona, walimpandisha kama mzigo.

Nilimwona akija kwenye njia ya reli, mwembamba, akiuliza jina la Mama kwa kila muuzaji. Mama alikuwa kwenye mafuta yake ya maandazi. Hakusimama. Akram alikuwa amekwisha kumtumia jibu la Baba.

"Ni weye," aliuliza, "ao ni ule wa siku ya train?"

Baba alisema, "Sijuwe."

Usiku ule alilala mlangoni. Kesho yake Mama alimpeleka kwa Tata Ntumba, nesi aliyefukuzwa Kolwezi kama sisi na ambaye sasa alitibu watu chini ya turubai. Alimlaza siku kadhaa, akimpa dawa ya kutuliza. Alipopata nafuu, Baba alimuuliza lile swali lake. Inawezekanaje mtu abebe godoro, afunge mafundo, aseme lugha ambayo hasemi, na asiwepo?

Ntumba alijibu taratibu. Alisema mwili wa mtu mzima hauna maji kama wa kijana, na ini limechoka, kwa hiyo anayeanza akiwa na umri huo pombe humpiga kwa haraka. Kisha miguu inajifunza, na ulimi unajifunza. Watu wanaona mtu amesimama, naye anajiona amesimama.

"Lakini ile sehemu ya kichwa inayoweka kumbukumbu ya siku haijifunze," alisema. "Pale, weye ulikuwa umelewa sana. Batu hawakuona, na weye haukuona."

"Basi ni nani alisema na mimi?" Mama aliuliza. Alikuwa amesimama nyuma, nasi tulidhani hasikilizi.

Ntumba aligeukia mgonjwa mwingine.

Lilikuwa jambo gumu kwa Mama kuliko kungoja kwenyewe. Maneno yale ndiyo yaliyomshikilia Mwene-Ditu. Katika ndoa yao yote Baba hakuwahi kumwambia maneno kama yale, na sasa mwenyewe anasema hayajui. Baba alimwomba ayarudie. Alimwomba mara nyingi, kwa upole, akimsaidia kubeba kuni.

"Ulisema utakuya, na umekuya," Mama alimwambia siku moja. "Ile ingine ni yangu. Siitoe."

Baba akaniuliza mimi. Nilimwambia nilichosikia, na kwamba mengine yalisemwa sikioni. Alikaa akinitazama, na niliona kwamba ananiamini na bado hajui afanye nini na habari hizo.

Walikaa pamoja. Baba akatengeneza mashine za kusaga mahindi. Watu wa Mwene-Ditu walimwita Mukatangais, wengine kwa utani, wengine si kwa utani. Nyumba ya Kapata ilichukuliwa. Hakunywa tena, miaka mingi, mpaka ndoa yangu. Siku hiyo wakwe walimpa glasi ya bia, akaona vibaya kukataa, akajiambia kwamba mtu aliyezoea lutuku hawezi kutishwa na glasi. Kabla ya hotuba kwisha alikuwa amelala kwenye kiti, kidevu kifuani. Mwili ulikuwa umesahau kila ulichojifunza.

Asubuhi alimkuta Mama akifagia uani.

"Jana nilisema kitu?" aliuliza.

"Haukusema. Ulikoroma tu."

"Kweli?"

"Kweli, Kabemba."

Alisimama pale kidogo, akimtazama usoni, asijue kama amwamini. Kisha akamchukulia ufagio.