Nilivyotaka kuchuma majani ya nyungu kwenye hifadhi ya mikaratusi Australia

Wakuu, heshima yenu. Hii sijasimuliwa na mtu, imenikuta mwenyewe na wife ni shahidi.

Tunaishi Birmingham, Bordesley Green. Wife ni nesi, akapata ofa ya kazi Australia. Mimi nikagoma. Nimeshaanza maisha upya mara moja na baridi ya hapa, sirudii!

Akaniomba jambo moja tu: twende likizo nikaone, ndipo nikatae vizuri.

Akanipeleka national park. Kufika, nikacheka. Mikaratusi mitupu!

Mimi ni mtu wa Mafinga, wakuu. Kwetu mikaratusi inapandwa kwa mstari, inakuwa nguzo za umeme, na chini yake huoni hata panzi. Nikamwambia, "Mama Neema, yaani tumepanda ndege kuja kuangalia nguzo?"

Akatangulia mbele.

Sasa, nilikuwa na mafua makali niliyotoka nayo Birmingham. Nikaona fursa. Nikavuta tawi la chini, nikaanza kuchuma majani ili jioni niyachemshe nipige nyungu, nijifukize mvuke.

"Please, sir, not that one."

Alikuwa ranger, askari wa hifadhi, dada mmoja mpole. Hakufoka, alinionyesha juu tu.

Koala, wakuu! Kwenye mti ule ule, mtoto kambeba mgongoni, anatafuna taratibu majani yale yale. Ranger akasema mvua zimekuwa haba, majani mazuri yamepungua, na huyu mnyama ni nadra kula kitu kingine.

Kumbe nachuma chakula cha mzazi. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Kuanzia hapo nikafunga mdomo. Kangaruu wamejilaza kivulini kama wazee walioshiba ubwabwa. Kenge mkubwa anapanda mti bila wasiwasi. Kasuku weupe wanapiga kelele utadhani mnadani. Ardhi kavu kabisa, lakini kila mti una mpangaji wake. Nilipapenda, sifichi.

Halafu jua lilipochoma, msitu mzima ukanukia nyungu. Pua zikazibuka zenyewe!

Njiani kurudi, wife anaendesha, haniulizi kitu. Mimi ndiye niliyeuliza: "Wanataka uanze lini?"

Akaegesha gari pembeni, akalia.

Nilichojifunza: nilikuwa nauhukumu mti kwa ule wa shambani kwetu, na nchi ya watu kwa baridi ya Birmingham.

Mliotangulia huko kutoka UK, nipeni ukweli kuhusu shule na nyumba. Wa kunicheka kwa nyungu nao karibuni, nimestahili.