Chaguo la pili la Kadidja

Wifi yangu Kadidja, muuza vitenge wa mtaa wetu wa Katoyi, ana kichwa kigumu, nami nampenda hivyo hivyo. Lakini ile Alhamisi ya mwaka 2021, volkano ikiwa imeshatapika na serikali ikatuambia tuhame, ugumu huo ulitugharimu.

Nyumba tisa za ukoo zilikuwa na lori moja, kwa hiyo tungeondoka pamoja. Ila kwenda wapi? Sake, Rutshuru, au bandarini tupande boti ya Bukavu? Ardhi ilitetemeka, vikombe viligongana kabatini, na hakuna aliyethubutu kukaa ndani kujadili. Mume wangu Rachid akatuwekea kura kwenye simu. Kila nyumba ipange sehemu zote tatu: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Yenye kura chache zaidi inatolewa, na kura za walioichagua zinahamia kwenye chaguo lao la pili.

Kadidja alitaka jambo moja tu: mama yao, Mama Asma, asipitishwe barabara ya Rutshuru. Huko ndiko baba yao alikouawa wakati wa uasi wa 2012, akikimbia pamoja na mama, na tangu hapo mama hajaikanyaga. Presha yake nayo tunaijua.

Akaandika Bukavu peke yake. Nilimwambia aweke Sake ya pili, akanitazama kana kwamba nimemtukana. Katika vikao vya ukoo huu, mtu akitaja njia mbili wanasema ameshalegea, na neno lake halihesabiwi tena. Ningebishana naye zaidi, lakini nilikuwa nafunga magodoro.

Saa nne kura ikafungwa. Rutshuru nne, Sake tatu, Bukavu mbili. Bukavu ikatolewa. Kura moja kati ya zile mbili ikahamia Sake, zikawa nne kwa nne. Ile ya Kadidja, isiyo na chaguo la pili, haikuwa na pa kwenda. Na tulikwisha kukubaliana kwamba ikiwa sare, inashinda iliyoongoza mwanzoni, yaani Rutshuru.

Kadidja akamsihi Rachid aifungue upya. Rachid akasema mtandao umekatika na watu wameshapanda. Niliwachukia wote wawili, kisha nikajichukia mwenyewe.

Ndani ya lori Kadidja alimshika mama mkono, akamweleza kila kitu huku analia. Mama Asma alimsikiliza mpaka lori likageuka kuelekea kaskazini.

"Ya pili uliandika nini?" akauliza.

"Sikuandika kitu, mama."

"Ile siku papa yenu aliniuliza tupite wapi," akasema mama. "Nilijua hii njia ni mubaya. Nikanyamaza."

Akajifunika uso kwa kitenge. Mkono wa Kadidja hakuuachia mpaka tulipofika.