Rilizi ya Mista Dale

Duka la pinde lilinuka mkojo. Sisemi hivyo kwa kulidharau. Mkojo wenyewe uliuzwa pale, mkojo wa kulungu jike, ndani ya vichupa vilivyopangwa karibu na kaunta, ili mwindaji ajipake viatuni na dume asimshtukie. Baba alinyanyua kichupa kimoja, akasoma maandishi yote mpaka yale madogo ya chini, akakirudisha taratibu na kuniambia kwa Kikamba kwamba watu wanaouza mkojo hawashindwi kukuuzia chochote. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Tuliishi Cedar Hill, kusini mwa Dallas, mwaka wa 2002, na Jumamosi hiyo tulikuwa tumefuata kitu kimoja tu: rilizi. Ndivyo wenye duka walivyokiita, nasi tukakiita hivyo hivyo. Ni kifaa kidogo chenye mdomo wa chuma unaobana uzi wa upinde. Unavuta uzi kwa kifaa hicho badala ya vidole, na ukigusa kifyatulio, mdomo unafunguka na mshale unakwenda zake.

Kwao Kitui hakuna aliyehitaji kitu kama hicho. Babu alivuta uzi kwa vidole, na Baba alifundishwa hivyo hivyo kabla hajaanza shule. Lakini huku Baba alifanya kazi katika nyumba ya wazee, akiwageuza, akiwaogesha na kuwalisha, na siku moja kitanda cha chuma kilimbana mkono wa kulia. Tangu hapo vidole viwili vya kati havikukunjika sawasawa. Jirani yetu Mista Dale, mzee wa Kitexas aliyestaafu udereva wa malori, alimwona akihangaika na upinde nyuma ya nyumba, wakaanza kuzungumza, ua ukiwa katikati yao. Ndugu yake alikuwa na shamba la vichaka mwendo wa saa mbili, na Mista Dale akamwalika Baba wakawinde kulungu Oktoba. Sharti lilikuwa moja, na mwenye shamba aliwawekea wageni wote: kutoka hatua ishirini, upige mishale mitano na yote iingie ndani ya sahani ya karatasi. Baba aliitamani safari hiyo kuliko kitu chochote nilichowahi kumwona akikitamani. Mtu ambaye kwa kawaida alikula kimya akaenda kulala, sasa alitusimulia mezani habari za nyayo na upepo. Nami nilitaka aende, nilitaka sana, kwa sababu nilikuwa nimechoka kumwona baba yangu akirudi kutoka kazini amenywea.

Hata hivyo, aliushuku mwaliko wenyewe. Mtu hajawahi kula kwako, hajui hata jina la baba yako, ati anakualika porini mkiwa na silaha, anataka nini? Mama, ambaye alikuwa muuguzi na hakuwa na muda wa mambo kama hayo, alimjibu kwamba pengine anataka mtu wa kuzungumza naye. Baba akacheka kwa pua. Alishuku kila kitu siku zile, na kusema kweli alikuwa na sababu. Alishatapeliwa gari, na kazini walishamwahidi vyeo viwili ambavyo havikuja. Pale dukani alishuku hata rilizi zenyewe. Muuzaji, kijana mwenye ndevu nyekundu, alimwekea tatu juu ya kaunta. Ya kwanza ilifungwa mkononi kwa mkanda, ukaifyatua kwa kidole cha shahada. Baba akasema hiyo ni bunduki inayojificha. Ya pili ilishikwa kiganjani, ikafyatuliwa kwa kidole gumba. Akaibonyeza mara kumi akiitegea sikio, kisha akauliza kwa nini inalia. Ya tatu haikuwa na kifyatulio kabisa. Kijana alieleza kwamba unavuta tu kwa misuli ya mgongo, na wakati fulani, usioujua mwenyewe, inaachia, na kwamba wapigaji hodari ndiyo wanayoipenda. Baba aliiweka chini kama mtu aliyeshikishwa nyoka. Tulipofika garini alikuwa bado anaisema. Kitu kinachojiamulia chenyewe lini mshale uondoke, mimi nimekuwa nani hapo? Tukarudi nyumbani mikono mitupu.

Jioni ile ile Mista Dale akatuletea ya kwake ya zamani, ya mkanda, ngozi yake imeiva kwa jasho. Alisema yeye ana nyingine, Baba aichukue. Baba alishukuru kwa adabu zote, akafunga mlango, akaiweka juu ya gazeti, wala hakuigusa tena mpaka Jumamosi iliyofuata. Kwa kina babu yangu, chombo cha kuwindia kilichotoka katika mkono wa mtu mwingine hakikutumiwa hivi hivi. Huenda kimegusana na sumu ya mishale. Huenda pia mwenyewe amekifunga kwa maneno, ukakosa shabaha mpaka ufe. Hivyo kwanza kilisuguliwa kwa majivu na maji moto. Baba alikuwa mtu wa kanisa na angekwambia haamini mambo hayo. Lakini Mama alipokwenda kazini, alichota majivu kwenye jiko letu la kuchomea nyama, akanipa beseni nishike, akaisugua ile rilizi nje na ndani, akaimwagia maji ya moto yenye sabuni ya vyombo, akaianika juani. Grisi yote ikatoka, ikaelea juu ya maji kama mafuta ya supu. Aliniambia nisimwambie mtu. Nikajibu kwa Kiingereza, kama kawaida yetu watoto, kwamba sawa.

Kesho yake baada ya kanisa tukaenda nyuma ya nyumba ya Mista Dale, alikokuwa ameegesha robota la nyasi na kulibandikia sahani. Mshale wa kwanza uliingia katikati. Mista Dale akapiga mluzi, na Baba akatabasamu, tabasamu la kweli. Wa pili akavuta, akalenga, akagusa kifyatulio; kimya. Akakibana, kimya. Alipoanza kuurudisha uzi taratibu, rilizi ikaachia yenyewe. Mshale ulipaa juu ya robota ukachoma mlango wa banda, na ngumi ya Baba mwenyewe, iliyokuwa ikivuta kwa nguvu zote, ikampiga mdomoni. Alisimama pale shati lake la kanisani likidondokewa na damu. Hakupaza sauti. Alimtazama Mista Dale akamwambia, "Ulijua ni kibovu."

Mista Dale aliichukua rilizi, akaifungua kwa bisibisi ndogo juu ya boneti ya gari lake, akaikung'uta. Ukatoka unga wa kijivu. Akausugua kati ya vidole, akaunusa. Kisha akatazama mikono ya Baba, akanitazama mimi, nami nikainamisha kichwa. Kila wikendi yule mzee alichoma nyama; majivu aliyajua. Akasema, "Ni kosa langu. Imekaa kwenye boksi miaka mingi, imeota kutu. Ningeikagua kabla ya kukupa." Nilikuwa mtoto, lakini najua kutu ni nyekundu. Nilijua pia kwamba neno langu moja lingemaliza mambo yote, na lingemwaibisha baba yangu mbele ya mzungu akiwa anavuja damu. Nikanyamaza. Tulipokuwa tukirudi kwetu Baba aliniuliza kama nimesikia mwenyewe, mtu amekiri kwa kinywa chake.

Wiki iliyofuata Mista Dale alikuja na rilizi mpya, ingali kwenye pakiti. Baba alinituma nikaseme amelala. Nikasema. Mzee akaitia mfukoni, akaniambia nimwambie Baba nafasi yake katika safari bado ipo, nami sikuufikisha ujumbe huo. Mwezi wa kumi alikwenda peke yake, akatuachia mlangoni nyama ya kulungu iliyofungwa kwa karatasi nyeupe. Baba akasema anataka kutuziba midomo, akaitupa pipani. Mwaka uliofuata Mama alipata kazi Houston, tukahamia Missouri City, mji ulio kando yake, huko huko Texas. Upinde uliuzwa pamoja na viti.

Ninaishi Missouri City mpaka leo, na sijidai kuwa bora. Jirani akiniletea keki, nashukuru kwa adabu zote, nafunga mlango, kisha naigeuzageuza. Watoto wangu wanakimbia kwa jirani huyo bila hodi, na roho yangu haitulii mpaka warudi. Nimeusomea ufamasia, najua sumu ni nini na si nini, lakini mkono wangu ni wa baba yangu. Mista Dale sijui kama yu hai. Miaka michache iliyopita nilipita Cedar Hill nikakuta nyumba yake ina watu wengine.

Mwezi uliopita Baba alikuwa kwangu, akimsimulia mume wangu kwa mara nyingine habari za yule mzungu aliyempa kitu kibovu na kukiri mwenyewe. Ametimiza miaka sabini na miwili. Sijui ni nini kilichonishika siku hiyo, nilimkatiza. Nikamwambia haikuwa kutu, ilikuwa majivu yetu, na mzee aliyaona, akajitwika kosa ili wewe usiaibike mbele yangu. Nikamwambia na habari ya nafasi aliyomwekea. Nilidhani atakasirika. Aliukunja ule mkono wake mbovu magotini. Halafu akauliza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Kwa hiyo alitaka kweli kunipeleka?"

Nikamwambia ndiyo, Baba, alitaka.